Pete ya Mkono wa Gia

Kama Abdulnasir angekuwa na haya, hata za kuazima, gari lile angelipeleka kwingine. Lakini haya ni kitu ambacho mama yake alisahau kumtilia kwenye mzigo alipokuwa anamfungia safari ya Dubai, na tangu hapo hakuna aliyemwona nazo. Akalileta Pemba, kijijini Ole, gereji kwa Ngwali, kaka wa mwanamke aliyemuacha. Akashuka, akavua miwani ya jua, akatoa salamu kama mtu aliyeagana na watu vizuri.

Ngwali alikuwa chini ya pikapu ya mkulima mmoja wa muhogo. Sauti ya gari lile alikuwa ameshaisikia tangu linapunguza mwendo kule barabarani, na kwa mtu wa kazi yake ilikuwa sauti ya kumtoa mate: injini ya silinda nane, Mustangi la zamani la Kimarekani, linanguruma polepole kama linaidharau barabara. Akatoka chini ya pikapu anafuta mikono, uso umekunjuka kwa hamu. Alipomwona anayeshuka, uso ukakunjana palepale.

Kwa asiyejua kisa, ni hivi. Abdulnasir alimuoa Mwanapili, mdogo wake Ngwali, akamwacha nyumbani akarudi kwenye kazi yake Dubai. Akaja likizo, akakaa, akaondoka. Mwanapili akashika mimba. Mtoto, majaaliwa ya Mungu, akazaliwa njiti, kabla ya siku zake, kidude kidogo cha kutosha kwenye kiganja. Badala ya kumuombea uhai mwanawe, bwana mkubwa akakaa kule akahesabu miezi kwa vidole, akasema haitoshi, mimba ile aliikuta. Hakusema kwa kadhi, wala hakusema kwa wazee. Alirekodi sauti kwenye simu akaitia kwenye kundi la ukoo wake: mwanamke nimemuacha, na mtoto si wangu, mtafutieni baba yake hukohuko Ole. Talaka na tusi katika pumzi moja. Kabla ya adhuhuri sauti ile ilikuwa imeshafika Wete na Micheweni, mpaka kwa watu wasiomjua Mwanapili hata kwa sura.

Daktari alisema ni njiti. Mkunga alisema ni njiti. Lakini nani atamsikiliza mkunga, na sauti ipo kwenye simu, ya kusikilizwa kwa siri huku mtu anakuna nazi?

Mtoto mwenyewe ni Yumna, sasa ana miaka mitano. Wenziwe wa chuo cha Kurani wanamwita Yumna wa Nani. Mwanapili harusini haendi, dukani hutuma, mazikoni huenda na kukaa nyuma ya mlango. Na Ngwali kila akifunga gereji alikuwa na dua yake moja ambayo si nzuri kuisema mbele ya watu: Mungu amlete Abdulnasir mikononi mwake. Sasa Mungu amemleta, na ufunguo anaukabidhi mwenyewe.

"Yakhe Ngwali," Abdulnasir alisema, "ya nyuma tuyaache nyuma. Nimekuja kwako kwa kuwa fundi ni weye. Wete wamelitazama tu, wamelikimbia."

Alikuja na rafiki yake Hafidh, kijana wa watu, mpole, ambaye muda wote alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Huyo angalau haya alikuwa nazo.

Abdulnasir akafungua buti akatoa boksi. Ndani mlikuwa na mkono wa gia mpya, wa kununua, wa magari ya mashindano: fimbo ya chuma inayong'aa, kirungu cheupe juu, na chini ya kirungu pete nyeusi imeizunguka fimbo. Gari lenyewe ni otomatiki, gia zinajiingiza zenyewe, dereva kazi yake ni kuchagua tu aende mbele au nyuma au asimame. Lakini ule mkono lililokuja nao kutoka kiwandani ulikuwa umelegea, unacheza kama mwiko kwenye uji.

"Ukiushika unaona aibu," alisema. "Na mie Ijumaa naoa. Shamima, binti wa Mzee Haidar wa Gando. Nitamtoa kwao kwa gari hili. Nataka watu wauone mkono wangu unapotia gia."

Nataka watu wauone mkono wangu. Ngwali aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo. Alitazama gari, akatazama boksi, akamtazama mwenye gari, na dua yake ikamjia kichwani neno kwa neno.

"Liache," akasema. "Ijumaa baada ya sala njoo ulichukue."

Kazi ilikuwa tamu, hilo halina ubishi. Alitoa viti vya mbele, akang'oa mkono wa zamani, akasafisha tundu lake, akapima, akatoboa, akaukaza mpya mahali pake kwa boliti, akarudisha viti. Kisha akalinyanyua gari kwa jeki, akaingia chini kuunga waya.

Na hapo chini ndipo shetani alipomkalia begani. Maana herufi zilizoandikwa kando ya mkono wa gia ni maandishi tu. Kinachoiambia giaboksi ifanye nini ni waya unaopita chini ya gari, na waya ule unashikwa na nati moja. Fundi akiikaza nati mahali pake, unachosoma ndicho kilichopo. Akiikaza pembeni kidogo, dereva atasoma P, ataamini gari limefungwa, ataliacha mlimani, na gari halijafungwa kitu. Gando kwa Mzee Haidar ni mteremko mtupu. Ngwali akamwona Abdulnasir amesimama mbele ya boneti kwa joho na jambia, anapigwa picha, na gari linaanza kumfuata taratibu.

Akaikaza nati pembeni. Tusimsitiri: alifurahi. Alilala pale chini mgongo kwenye mafuta, anatabasamu peke yake, kisha akatoka akalishusha gari kwenye jeki.

Mwanapili alimletea chakula mchana, muhogo na mchuzi wa pweza, Yumna anamfuata nyuma na kanga ya mama yake mkononi. Alilijua gari lile ni la nani, Ole nzima ilijua. Aliweka sahani juu ya pipa, akalizunguka gari mara moja, akaingia akakaa kwenye kiti cha dereva.

Mwanapili alilelewa humu gerejini. Baba yao, Mzee Safari, fundi wa malori ya karafuu, Mungu amrehemu, alikuwa anamtuma spana kabla hajajua kusoma. Akautazama mkono wa gia, ulikuwa kwenye P. Akashuka, akaweka nyonga kwenye mlango akasukuma. Gari likatembea.

"Kaka."

"Naam."

"Hili halijashika."

"Najua."

Akamtazama. Ngwali akaendelea kufuta spana ambayo ilikuwa safi tangu zamani.

"Litamvunja miguu," Mwanapili alisema.

"Akivunjika nitakwenda kumtazama. Nitamchukulia na machungwa."

"Na mie?"

"Weye utafurahi."

"Mie ntakuwa yule mwanamke mwenye kijicho aliyemroga bwana harusi." Hakupandisha sauti. "Akivunjika watamlilia, kaka. Watamsomea dua. Mama zao watampelekea uji wa pilipili manga. Miaka yote hii nimekaa nyuma ya mlango, halafu yeye ndo wa kuonewa huruma? La. Miguu yake abaki nayo. Mie nautaka mdomo wake. Ule mdomo uliosema, ndo ukanushe, na watu walewale wasikie."

"Mdomo wa mtu haufunguliwi kwa spana, Mwanapili."

Kweli ile ilimuuma Mwanapili, na Ngwali akajuta kuisema.

Wakati huo Yumna alikuwa amepanda garini, anachezea mkono wa gia, anauvuta chini na kuupandisha. Chini ulikuwa unakwenda vizuri. Juu ulikuwa unafika katikati, kwenye N, yaani frii, unagonga unasimama. Mtoto akauinamia, akaitazama pete nyeusi, akainyanyua kwa vidole viwili. Mkono ukapanda, ta, ukaingia R.

"Hii inapanda," Yumna alisema.

"Shusha mkono, utajibana," mama yake alimwambia. Kisha akamgeukia Ngwali. "Nini hiyo?"

"Pete ya usalama. Magari ya mashindano ndivyo yalivyo, ili dereva asije akatia rivasi kwa bahati mbaya yuko kasi. Usipoinyanyua, mkono hautoki kwenye frii kwenda juu. Unakwenda mbele tu. Rivasi huioni."

"Yeye anaijua?"

Ngwali akalitazama boksi. Karatasi ya maelezo ilikuwa bado ndani ya nailoni yake, haijaguswa.

"Yeye alinunua kirungu," alisema.

Mwanapili akakaa juu ya tairi, akamvuta Yumna magotini. Akalitazama lile gari, na Ngwali akaona uso wake unabadilika pole pole. Uso ule hakuwa ameuona tangu siku dada yake alipoolewa.

"Njia ya kwa Mzee Haidar unaikumbuka?" aliuliza.

Ngwali aliikumbuka. Nani asiyeijua? Ni uchochoro mrefu unaotoka barabara kuu na kuteremka, ukuta wa mawe huku na ukuta wa mawe kule, nafasi ya gari moja, na mwisho wake ni uwanja mdogo wa nyumba na mikoko. Hakuna pa kugeuzia. Watu wa Gando wote, hata madereva wa gari za mkaa, hugeuza kulekule juu barabarani na kuteremka kinyumenyume, ili wakati wa kutoka watoke na sura mbele.

"Abdulnasir ataingia kinyumenyume?" Mwanapili aliuliza.

"Na gari lenye sura ile? Harusini? Ataingia sura mbele, watu wampige picha."

Wakatazamana. Hakuna aliyecheka. Ngwali akala muhogo wake, akanawa, akarudi chini ya gari, akailegeza nati ile na kuirudisha mahali pake pa haki. Kazi ile ilikuwa safi kuliko kazi yoyote aliyopata kuifanya. Angelikuwapo Mzee Safari angelimpa mkono.

Lakini Mzee Safari alikuwa ameacha na sheria, na hapo ndipo palipokuwa na kigingi. Katika gereji ile ufunguo haukabidhiwi hivihivi. Fundi hukaa na mwenye gari, mkono wa fundi juu ya mkono wa mwenye gari, wakapitia gia zote, mbele na nyuma, ndipo akashuka. Ngwali hajapata kuivunja sheria hiyo, hata kwa trekta. Aliwaza usiku kucha, asubuhi akapata jawabu. Asingeivunja. Angeitimiza kwa namna ambayo Abdulnasir mwenyewe angeikataa. Alimjua yule mtu kama anavyoujua mkono wake.

Ijumaa Abdulnasir alikuja amevaa tayari, kanzu ya melimeli na joho jeusi, Hafidh ubavuni, na gari za wenziwe zinapiga honi kule barabarani. Gari lilikuwa limesimama uani, injini inanguruma, limeelekezwa lango la pili. Gereji ile ina milango miwili, unaingia huku unatokea kule, haina haja ya rivasi.

Ngwali akafungua mlango wa abiria.

"Kaa nikufundishe kuitumia gia hii," alisema, "isije ikakuaibisha mbele za watu."

Alilichagua neno lile, kufundisha, kama mvuvi anavyochagua chambo.

Abdulnasir akacheka, akawageukia watu ili wacheke naye. "Unifundishe mie? Mie naendesha barabara za njia sita, nije kufundishwa gia Ole?"

"Mambo mawili tu, Abdulnasir. Hata robo saa haifiki."

"Nimeshachelewa. Sogea."

"Hafidh," Ngwali alisema, "umenisikia?"

"Nimekusikia," Hafidh alisema.

"Basi nenda kwa salama. Ukisimama tia frii, vuta hendibreki. Mengine unayajua mwenyewe."

Gari likatoka kwa kishindo, vumbi likamwingia Ngwali machoni. Hakuyafumba.

Yaliyotokea Gando alisimuliwa baadaye, na kila aliyemsimulia alitia chumvi yake, lakini mambo ya msingi yalikuwa yaleyale. Abdulnasir alifika juu ya uchochoro. Mtu mmoja akamwambia geuza uteremke kinyumenyume, ndivyo tunavyoingia. Akasema gari hili halikuja Pemba kuonyesha makalio. Akateremka sura mbele, boneti lina maua na utepe, watu wanapiga picha.

Ndoa ikafungwa msikitini, pale pembeni ya nyumba, Shehe Mbarouk ndiye aliyeifunga. Bibi harusi akatolewa kwa vigelegele, akatiwa kwenye kiti cha mbele, udi unafuka mpaka barabarani. Bwana harusi akawasha gari, akaweka mkono juu ya kirungu kwa madaha, kila mtu auone, akapandisha. Mkono ukagonga N ukasimama.

Akapandisha tena. Ukasimama. Akatumia nguvu, akatumia mikono miwili. Akaushusha na kuupandisha kwa hasira, ukaangukia D, gia ya kwenda mbele, gari likaruka na pua yake ikaingia kwenye ua wa makuti wa jikoni kwa Mzee Haidar. Wapishi wakatoka mbio na miko yao. Vijana wakavua makoti wakasukuma, lakini pale ni mteremko na mchanga, na chuma kile si bajaji. Kilipanda kidogo, kikawarudia. Kanzu zikawa rangi ya tope. Kicheko kilianza nyuma kwa wanawake, kikaja mbele. Na simu zilikuwa juu, zote.

Hafidh ndiye aliyemkumbusha. "Si Ngwali alitaka kukuelekeza?"

"Mpigie," Abdulnasir alisema, anajifuta jasho kwa joho.

Kule Ole Ngwali alikuwa amekaa mbele ya simu tangu alasiri. Ilipolia aliiacha ilie kidogo.

"Ngwali, gari halirudi nyuma."

"Ehe."

"Njoo, yakhe. Watu wamejaa hapa, bibi harusi yumo ndani."

"Nnakuja."

Alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akavaa shati la Idi. Mwanapili alikuwa ameshamvisha Yumna, gauni la kijani na mtandio mweupe, nywele zimesukwa upya.

"Hutakuja?" Ngwali alimuuliza.

"Mie sitaki kumwona. Nataka kumsikia." Akamfunga Yumna mtandio vizuri. "Na usitie mkono wako kwenye gari kabla hajalitoa neno. Hata wakulilie."

Watu wa Gando waliipisha pikipiki yake kwenye uchochoro kama wanavyopisha gari la wagonjwa. Ngwali akashuka, akampakata Yumna, akaenda mpaka kwenye dirisha la dereva. Akatoa salamu. Walioitikia ni wengine.

"Umenifanyia nini?" Abdulnasir alisema kwa meno yaliyoshikana.

"Gari ni zima. Hafidh ni shahidi, nilitaka tukae nikuelekeze, ukasema hufundishwi. Kutoka utatoka, ni kazi ya vidole viwili. Lakini nina suala moja kwanza." Akamweka Yumna sawasawa mkononi, uso wa mtoto ukalingana na uso wa aliyemo ndani. "Huyu mtoto wa nani?"

Kicheko kikafa. Ikabaki injini.

"Hapa si mahali pake," Abdulnasir alisema.

"Na kwenye simu palikuwa mahali pake?"

Mzee Haidar, baba wa bibi harusi, akasogea na mkongojo wake. "Ngoja. Mie niliambiwa mwanamke yule alimkosea mumewe."

"Nani alikwambia, mzee wangu?"

"Huyuhuyu."

"Basi na aseme tena, mbele ya Shehe."

Shehe Mbarouk alikuwa bado ameshika kitabu chake cha hutuba. Hakuwa mtu wa makelele. Aliinama dirishani, akauliza kama anauliza habari za nyumbani. "Mwanangu, mtoto huyu alizaliwa ndani ya ndoa yako?"

"Ndiyo, Shehe."

"Ukamkana."

Abdulnasir akaushika usukani, macho chini.

"Mume akimkana mtoto wa ndoa yake huenda kwa kadhi akaapa mara nne kwamba ni mkweli, na ya tano akaitaka laana ya Mungu imshukie yeye kama ni muongo. Ulikwenda?"

"Sikwenda."

"Basi kwa kadhi utakwenda kesho. Leo mie nakuuliza moja tu: uko tayari kuitamka ile ya tano?"

Abdulnasir alitazama mbele. Mbele palikuwa na ua uliovunjika na wapishi. Akatazama pembeni, akakutana na shela ya mkewe mpya. Pande zote simu. Midomo yake ilikauka ikawa myeupe, na Ngwali, tusimsitiri tena, aliutazama ukaukaji ule kwa raha, kama mtu mwenye kiu anavyotazama maji yakimiminwa.

"Siwezi," Abdulnasir alisema.

"Huwezi kwa nini?" Ngwali aliuliza.

"Kwa kuwa ni wangu."

"Kule nyuma hawakusikia."

"Ni mwanangu!" Sauti ilimpasuka. Kisha, kama mtu aliyeachia kamba, akaendelea mwenyewe, bila ya kuulizwa. "Nilijua tangu mwanzo. Nilitaka kumuacha mama yake na sikuwa na sababu."

Bibi mmoja alisema astaghfirullah, polepole, akaketi chini kwenye mchanga.

Shamima akaifunua shela yake. Alikuwa msichana wa uso mpana, wanja umeanza kumchuruzika kwa joto. "Mleteni huyo mtoto," alisema. Ngwali akazunguka, akampitisha Yumna dirishani, Shamima akampakata.

"Kanyaga breki, usiiachie," Ngwali alimwambia Abdulnasir. "Yumna, mwanangu. Ile pete."

Yumna akainama. Akainyanyua pete kwa vidole viwili, akausukuma mkono wa gia, ta. Gari likashtuka kidogo, likatulia kwenye rivasi. Watu waliona. Ndiyo hiyo tu, ndiyo iliyowatia vijana tope.

Shamima akafungua mlango akashuka, mtoto kifuani.

"Unakwenda wapi?" Abdulnasir alisema.

"Ndani kwa baba yangu. Ndoa imeshafungwa, mazungumzo watazungumza wazee. Lakini nataka nikuulize na mie." Alimrudishia Ngwali mtoto, akakunja shela mkononi. "Siku ukinichoka mie, utanisingizia nini?"

Abdulnasir akatazama kioo cha nyuma. Akaachia breki. Gari likaanza kupanda ule uchochoro kinyumenyume, maua kwenye boneti, kiti cha pili kitupu. Watu wa Gando hutoka njia ile na sura zao kule waendako. Yeye alitoka na sura imewaelekea waliobaki, polepole, maana ukuta uko karibu huku na huku. Akitazama mbele anawaona. Akigeuka kutazama nyuma, kule juu walikuwa wengine, na simu zao.

Njiani kurudi Ole, Yumna alikuwa amekaa mbele ya mjomba wake kwenye tangi la pikipiki, ameshika usukani.

"Mjomba, yule wa gari ndo baba?"

"Ndiye."

Wakapita mashamba ya mikarafuu, watoto wanaendesha baiskeli kandokando.

"Mbona hakunitazama?"

Ngwali alikaza macho barabarani. Alijua kufungua giaboksi na kuirudisha giza likiwa limeingia. Hilo hakujua la kulifanya. "Kulikuwa na watu wengi," alisema, akaongeza mwendo.

Sauti ilikuwa imeshawatangulia. Sauti husafiri kwa njia ileile kila siku, na leo ilikuwa imepita Wete na Micheweni, imefika Ole kabla ya pikipiki. Mwanapili hakuwa nyuma ya mlango. Alikuwa amekaa barazani, nje kabisa, uso kwa barabara, kanga imeteremka mabegani, simu kwenye paja. Watu walikuwa wanatoka mashambani na kapu zao, wanampita, wanamsalimu kwa jina. Na kutoka pajani pake mtu anasema, ni mwanangu, nilijua tangu mwanzo, nilitaka kumuacha mama yake na sikuwa na sababu.

Yumna akakimbia akajilaza kwenye mapaja ya mama yake. Ngwali akasimama pale na ufunguo wa pikipiki mkononi. Alitaka kumwambia aliloulizwa njiani. Akalimeza.

"Haya," alisema. "Umeridhika?"

Mwanapili alifikiri. Kule njiani alikuwa anakuja jirani yao Bi Khairat, ambaye miaka mitano iliyopita alikuwa wa kwanza kuisambaza ile sauti nyingine, na sasa alikuwa anatembea upesi, uso umetazama chini.

"Bado," Mwanapili alisema. Akairudisha simu mwanzo, akaongeza sauti.